Siri ya Bega la Kushoto

"Nionyeshe bega lako."

Saleha alidhani hakusikia vizuri. Mumewe, Mbaruk, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba na kanzu yake ya arusini, kofia mkononi, jasho likimtiririka shingoni. Ilikuwa alasiri, na ile arusi aliyokwenda ilikuwa haijakwisha. Sauti za ngoma zilikuwa bado zasikika kutoka mtaa wa pili.

"Bega lipi?"

"La kushoto. Shusha leso."

Akaishusha, akifikiri labda mumewe ameona mdudu. Mbaruk akaitazama ile alama ya kahawia aliyozaliwa nayo, ndogo, iliyopinda kama kwaju kavu. Alikuwa ameijua kwa miaka minne ya ndoa yao. Siku hiyo aliitazama kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza yaliyotokea arusini.

Mwaka huo wa elfu moja mia tisa na kumi na mbili, hapakuwa na mtu Malindi asiyemjua Taib bin Salim. Nyimbo zake ziliimbwa Lamu na Mombasa na watu wasiowahi kumwona. Akipiga gambusi arusini, wazee huacha tambuu mdomoni bila kutafuna. Na kwa miaka saba nyimbo zake zote zilimwimba mwanamke mmoja, ambaye hakumtaja jina hata mara moja. Wanaume walibishana barazani ni nani. Wengine walisema ni binti wa sharifu mmoja wa Lamu ambaye Taib alimposa akanyimwa. Wengine walisema ni jini. Wanawake nao walikuwa na orodha yao, na kila mwanamke mzuri wa mji alikuwa amewahi kutajwa, akacheka, yakapita.

Siku hiyo Taib alikuwa ameimba wimbo mpya. Mbaruk alizikariri beti zake kwa sauti kavu, bila mahadhi:

"Begani ameandikwa, mithili ya kwaju kavu,
La kushoto hufunikwa, asilione mwerevu."

"Watu walishangilia," alisema. "Nami nilishangilia. Nilipiga makofi, Saleha. Halafu nikaelewa."

Saleha alikana. Alisema hajawahi kusema na Taib. Alisema tangu alipovunja ungo hajakaa naye chumba kimoja, na kwamba alimjua kwa kuwa ni kaka wa rafiki yake Zeina, basi. Mbaruk alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Amejuaje?"

"Sijui."

"Alama ambayo babako mwenyewe haijui. Amejuaje?"

"Nimekwambia sijui, Mbaruk. Wallahi sijui."

"Usiape. Usiniongezee." Akainuka, akavaa kofia. "Nimekuacha. Talaka moja. Chukua vitu vyako uende kwa babako."

Akatoka. Saleha alibaki na leso mkononi, bega wazi, na kwa muda mrefu hakukumbuka kulifunika.

*

Babake alikuwa na shamba la minazi upande wa Muyeye, na nyumba ya mawe katikati ya shamba. Humo ndimo Saleha alimokaa eda. Mamake alikuwa amekufa, kwa hiyo shangazi yake ndiye aliyesimamia nyumba. Babake hakumuuliza neno. Alimwambia tu kwamba anamwamini, akaacha kwenda kukaa barazani baada ya sala, akawa anarudi moja kwa moja nyumbani. Hilo lilimchoma Saleha kuliko talaka. Mzee aliyependa mazungumzo kuliko chakula, sasa alikaa ukumbini peke yake akihesabu tasbihi.

Mji ulikuwa umeunganisha wimbo na talaka ya siku hiyo hiyo, na wanawake walikuja kumpa pole. Walileta halwa, walilia kidogo, wakamsifu Mungu, na macho yao yote, bila kukosa hata moja, yalitambaa mpaka begani mwake. Wengine walithubutu kumwambia kwamba, kwa kweli, ni fahari kuimbwa na mtu kama Taib. Mmoja alimuuliza kwa kunong'ona kama walikutana shambani au mjini. Saleha alimwomba shangazi yake amsindikize mgeni.

Mwezi wa kwanza alilia. Mwezi wa pili machozi yalikauka, ikabaki hasira, na hasira ilimpa nguvu ya kufikiri. Akachukua kalamu akamwandikia Taib barua.

"Kwa Bwana Taib bin Salim. Baada ya salamu. Nyumba yangu imevunjika kwa ubeti wako mmoja. Wewe wajua na Mungu ajua kwamba huyo mwanamke si mimi. Liseme hilo mbele ya watu. Sikuombi jina la mwenyewe, nakuomba uliondoe langu. Saleha binti Shaibu."

Jibu lilikuja baada ya siku nne, kwa mwandiko mzuri wenye mikia mirefu.

"Kwa Bibi mtukufu. Nimesikitishwa sana na yaliyokufika. Lakini wimbo ni kama mvua, haunyeshi juu ya paa moja. Mtunzi akianza kusema huyu siye na yule siye, mwisho ataulizwa ni yupi, na hilo nimeapa kufa nalo. Nakuombea subira."

Saleha aliisoma mara mbili. Shangazi yake alimuuliza imesemaje, akajibu kwamba Bwana Taib amemletea mvua.

Usiku ule hakulala, wala hakulia. Alihesabu watu walioijua alama yake. Mamake, aliyekufa. Somo wake, bibi aliyemfunda alipoolewa, naye alikufa kwa ndui mwaka uliopita. Mbaruk. Na rafiki aliyemwagia maji alipokuwa akisingwa kwa arusi, aliyecheka akagusa lile kwaju kwa kidole akasema mumewe atadhani ni uchafu ausugue.

Zeina.

Zeina alikuwa amekuja kumwona mara mbili ndani ya eda. Alilia kuliko Saleha mwenyewe. Na sasa Saleha alikumbuka kitu kilichompita siku zile. Katika wanawake wote waliokuja, Zeina peke yake ndiye ambaye macho yake hayakwenda begani. Hayakwenda hata kwa bahati mbaya.

*

Mbaruk hakumrejea. Miezi mitatu ilikwisha, eda ikaisha, na asubuhi ya kwanza Saleha alivaa buibui akaenda na shangazi yake mpaka nyumba ya akina Taib. Shangazi aliachwa ukumbini na kahawa. Saleha akaingia chumbani kwa Zeina, akafunga mlango, akasimama mbele yake.

Zeina alianza kumkumbatia. Saleha akaushika mkono wake akaushusha.

"Ulimwambia kaka yako kuhusu bega langu."

"Saleha, hata salamu?"

"Ulimwambia lini?"

Zeina alikana. Alisema labda somo alisema, Mungu amrehemu, wazee hupayuka. Alisema labda ni bahati tu, mtunzi huota. Saleha hakumkatiza. Alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia, kisha akamwambia kwamba somo alikufa kabla ya wimbo kwa mwaka mzima, na kwamba yeye yuko tayari kwenda kwa kadhi kumtaka Zeina aweke mkono juu ya msahafu.

Hapo Zeina akaketi kitini. Alipozungumza tena, hakuwa akilia. Alikuwa na hasira yeye pia, hasira ya mtu aliyeshikwa.

"Mimi sikujua Mbaruk atakuacha. Nilijua utajitambua, na nilidhani utacheka."

"Nicheke."

"Ulikuwa unapenda mzaha, Saleha."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ni muungwana. Mtu akisema Taib anamlilia binti Shaibu, hakuna aibu, ni nyimbo. Wewe hujui walikokuwa wamefika watu. Ule wimbo wake wa kabla, wa mpenzi wa udongo mwekundu, ulituharibia kila kitu. Walianza kuulizana, ni nani aliyetoka penye udongo mwekundu akakaa kwa Salim? Na posa ya Taib huko Mombasa ilikuwa karibu kujibiwa. Ungetaka wasikie kwamba bwana arusi anamlilia kijakazi wa Marafa? Mgiriama aliyeletwa kwetu na njaa, akaoga kwa maji ya kisima chetu? Nyevu huyo aliyekuwa akitwanga mtama wetu?"

Alinyamaza ghafla, maana alikuwa amelitaja jina.

Saleha alimkumbuka Nyevu. Msichana mrefu, mkimya, aliyewaletea maji ya kunywa yeye na Zeina walipokuwa wakisoma Kurani. Halafu siku moja hakuwapo, na hakuna aliyeuliza.

"Kaka yako alijua alama ni ya nani?" Saleha aliuliza.

"Alijua."

"Akaiimba."

"Nilimwomba. Alikataa siku mbili, siku ya tatu akaiimba." Zeina akafuta uso kwa upindo wa leso. "Sasa umeshajua. Utatufanyaje?"

Saleha alikuwa ameshafungua mlango. Alimwambia kwamba walizaliwa mwezi mmoja na walinyolewa siku moja, na kwamba kuanzia leo wakikutana njiani, Zeina apite upande wake wa njia.

*

Babake Saleha alikuwa na rafiki wa miaka mingi, mzee Lewa, Mgiriama aliyewaletea asali na tumbaku kutoka bara. Lewa alimjua Nyevu. Alisema yuko kwao, karibu na makorongo ya Marafa, na mumewe ni mkulima aitwaye Kavumbi. Saleha alitaka kumwona. Babake alikataa, akabembelezwa, akakubali, kwa sharti kwamba shangazi na Lewa wafuatane naye. Waliondoka alfajiri na punda wawili, wakafika jua likikaribia kutua, mavumbi mekundu yamewajaa mpaka kwenye nyusi.

Njiani Saleha alikuwa ameyapanga maneno. Huyu ndiye mwanamke aliyeimbwa. Atamleta Malindi, atasimama naye mbele ya watu, kila mtu atazame kwa macho yake, na mambo yatakwisha.

Nyevu alikuwa akipepeta mahindi mbele ya nyumba. Alivaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya wanawake wa Kigiriama, na mtoto mchanga alikuwa amefungwa mgongoni. Alimtambua Saleha mara moja. Aliwakaribisha, akawapa maji, akawapikia wari, ugali wa kwao, kwa mchuzi wa mboga, na hakuuliza lililowaleta mpaka walipokwisha kula. Kavumbi aliwasalimu, akamchukua mtoto, akaenda kukaa na Lewa kando.

Saleha alimweleza yote. Nyevu alisikiliza akitazama moto.

"Nilizisikia hizo nyimbo," alisema mwishowe. Kiswahili chake kilikuwa bado cha Malindi, cha nyumba ile. "Nilikwenda soko la Malindi kuuza kunde, wanawake wakaimba wakipita. Nikajua ni mimi. Kuna wimbo una maneno niliyomwambia mimi kwa mdomo wangu, ameyatia gambusi."

"Alikupenda, basi."

Nyevu aligeuka akamtazama, na Saleha akaona kwamba hasira aliyokuwa nayo mwenyewe kwa miezi mitatu, mwanamke huyu alikuwa nayo kwa miaka saba.

"Mama alinipeleka kwao mwaka wa njaa kubwa, ili ndugu zangu wapate kula. Nilikuwa hivi." Akapima kwa mkono, kimo cha msichana mdogo. "Nilipokua, Taib akaniambia atanioa. Aliniambia mwaka mzima. Nikaamini, maana hakunigusa kwa nguvu, na alikuwa akinisomea mashairi yake kabla ya mtu yeyote. Halafu babake akajua. Aliniita ukumbini, watu wote wamekaa, akaniuliza ni nani aliyeniambia mimi naweza kuwa mke ndani ya nyumba ile. Taib alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimtazama. Nilingoja aseme. Alitazama kucha zake."

"Hakusema kitu?"

"Hata kikohozi. Nikafukuzwa siku ile ile, jua la utosi, bila maji ya njiani. Nikatembea mpaka hapa. Kisha baada ya mwezi nikasikia ametunga wimbo kwamba mpenzi wake amemkimbia." Akatema mate motoni. "Nimemkimbia mimi."

Saleha alijikaza akasema ombi lake. Alimwomba wafuatane Malindi, aseme mbele ya kadhi kwamba ni yeye.

"La," alisema Nyevu.

"Nyevu, mimi nimeachwa. Baba yangu hatoki nje."

"Nakuonea uchungu. Lakini la. Kavumbi ajua kila kitu, simfichi. Watoto wangu hawajui, na hapa kijijini hawajui. Nikienda, nitakuwa wimbo. Watakuja kunitazama kama wanavyokutazama wewe bega. Watasema Mgiriama amemroga bwana. Wewe ulikuwa na nyumba wakaivunja, dada. Mimi nina hii. Usiniletee watu."

Saleha alikasirika. Hakujizuia. Alimwambia kwamba yeye ameteswa kwa jambo lisilo lake, na mwenye jambo anakaa anapepeta mahindi. Alisema maneno mengine pia ambayo baadaye aliyajutia. Nyevu alisukuma kuni motoni. Alimwacha amalize, akamtandikia mkeka, akamfunika miguu kwa leso yake mwenyewe kwa sababu usiku wa huko una baridi.

Asubuhi, walipokuwa wakiwatandika punda, Nyevu alikuja akashika kamba ya punda wa Saleha.

"Waweza kulisema jina langu," alisema. "Sina wa kukuzuia. Nakuomba tu."

Njia yote ya kurudi Saleha alitazama masikio ya punda. Shangazi yake alimuuliza wamepata walichokifuata au hawakupata, naye akasema hajui.

*

Siku ya shauri, baraza ya kadhi ilijaa mpaka nje. Mji mzima ulijua kwamba binti Shaibu amemshtaki Taib, na wengi walikuja wakitumaini kusikia lile jina waliloliwinda kwa miaka saba. Mbaruk alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, mtu asiyetaka kuonekana. Zeina aliketi upande wa wanawake, uso umefunikwa. Babake Saleha alitaka kumsemea bintiye. Saleha akaomba ruhusa aseme mwenyewe, akapewa.

Aliisoma barua ya Taib. Watu walitabasamu waliposikia habari ya mvua. Kisha akasema anataka mambo mawili tu yaulizwe kwa kiapo. Kama mwanamke wa nyimbo ni yeye, na alama ya bega lake Taib aliipata wapi.

Taib alikuja amevaa joho. Alikuwa mtu mwenye sura nzuri na sauti iliyofanya watu wamsogelee. Alianza kwa kusema kwamba mtunzi ni mtu wa mafumbo, na fumbo likifumbuliwa hufa, na tangu enzi za mababu haikuwa desturi kumuuliza mtunzi.

Kadhi alimngoja amalize.

"Hapa huulizwi utunzi, Taib," alisema. "Unaulizwa ushahidi. Weka mkono."

Msahafu uliletwa. Taib aliutazama, akatazama upande wa wanawake. Aliweka mkono.

"Si yeye," alisema.

"Sema wasikie."

"Saleha binti Shaibu siye. Sijapata kusema naye tangu utoto. Hana kosa lolote."

"Na alama?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Kadhi akarudia swali.

"Na dada yangu. Niliiweka ndani ya wimbo ili watu wamwache niliyemkusudia, wamtafute mwingine."

Baraza ilivuma. Zeina aliinuka akatoka, na wanawake wakampisha kama wanavyompisha mtu mwenye maradhi. Mtu mmoja mnene kule nyuma, hakuweza kujizuia, akapaza sauti akauliza, basi ni nani? Wengine wakamuunga mkono. Watu waliokuwa wamekuja kwa ajili ya Saleha waligeuka wote wakamkabili Taib, na kadhi mwenyewe, ambaye naye alikuwa binadamu na alizijua zile nyimbo, alimtazama kana kwamba anapima kuuliza au kutouliza.

Taib alifungua mdomo. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kuanguka na sasa anaona heri amalizie kwa kishindo. Saleha alimwona akipumua, akajua kwamba atalisema, na kwamba atalisema vizuri, kwa machozi, na watu watamsamehe, na kesho kutakuwa na punda kumi kwenye njia ya Marafa.

"Sheikh," alisema Saleha. "Hilo sikulishtakia."

Kadhi alimgeukia.

"Nimeomba mambo mawili, nimeyapata. Mwanamke huyo simdai kitu. Naomba asiulizwe."

"Lakini mimi nataka kusema," alisema Taib.

"Ulikuwa na siku ya kusema," Saleha alimwambia. "Ilipita. Ulikuwa umesimama nyuma ya babako."

Taib alinyauka. Ni yeye peke yake, katika watu wote wale, aliyeelewa maneno hayo. Alifunga mdomo, akainama. Kadhi akahukumu kwamba ule wimbo usiimbwe tena Malindi, na kwamba Ijumaa baada ya sala Taib asimame mlangoni pa msikiti ayarudie aliyoyasema. Ijumaa hiyo aliyarudia. Posa ya Mombasa ilivunjika kabla ya mwezi kuandama.

*

Mbaruk alikuja Muyeye siku ya tatu baada ya shauri, na wazee wawili na zawadi ya heshima. Wazee walizungumza na babake Saleha, wakasema kosa ni la binadamu, kijana ametubu, yuko tayari kufunga ndoa upya kwa mahari mapya. Mzee Shaibu akawajibu kwamba mwenye kujibu yuko ndani. Akamruhusu Mbaruk azungumze na Saleha ukumbini, shangazi akiwapo.

Alikuwa amekonda. Alisema kwa miezi mitatu hakulala. Alisema kila jioni alipita njia ya Muyeye mpaka kwenye minazi ya kwanza, kisha akarudi. Saleha hakulijua hilo, na lilimuuma, maana yeye pia alikaa jioni zile akitazama njia hiyo hiyo.

"Rudi nyumbani kwetu, Saleha. Nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Nilikudhania uovu."

"La. Mtu yeyote angedhania. Wimbo ule hata mimi ungenishtua." Alizungumza polepole, kwa sababu aliogopa kulia mbele yake. "Uliniuliza amejuaje, nikakwambia sijui. Ilikuwa kweli. Ungeningoja siku tatu tu tuitafute pamoja, tungempata Zeina, maana ni watu wanne walioijua alama ile na wawili wamekufa. Mimi niliyefungiwa ndani nilimpata. Wewe una miguu, una marafiki, una kauli mjini. Ulipita njia ukarudi."

"Niliona aibu."

"Najua."

"Hunipendi tena?"

Shangazi yake aliinamia ukili aliokuwa akisuka. Saleha alimtazama Mbaruk machoni.

"Nakupenda," alisema. "Ndiyo maana nakasirika hivi. Nisingekupenda ningekubali, tukaishi kama watu."

Mbaruk alilia waziwazi, akauliza kama anaweza kungoja. Saleha alisema hawezi kumkataza mtu kungoja, lakini yeye hamwahidi kitu. Akaingia ndani. Shangazi alimkuta amejilaza kifudifudi juu ya mkeka, analia kwa kwikwi. Alikaa tu kando yake akampapasa mgongo mpaka wazee wakaondoka.

Mbaruk alingoja miaka miwili. Kisha akaoa Kilifi, akahamia Kibarani, na watu walisema alikuwa mume mwema. Saleha aliolewa baadaye na nahodha mjane, mtu wa makamo asiyependa nyimbo.

Kabla ya hayo yote, wiki chache baada ya shauri, Taib alikuja shambani peke yake, bila joho wala gambusi. Saleha alizungumza naye kupitia dirishani. Taib hakuomba msamaha. Aliuliza jambo moja, kama ni kweli amemwona.

"Nimemwona."

"Yu hai?"

"Yu hai. Ana mume anayembebea mtoto. Amenona."

Taib alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. "Alisema nini juu yangu?"

Saleha angeweza kumwambia habari ya kucha. Angeweza kumwambia habari ya mate motoni. Alimtazama mtu huyu aliyejulikana toka Lamu hata Mombasa, aliyelia miaka saba kwa sauti nzuri, na akaona kwamba lolote atakalompa, hata tusi, litakuwa wimbo kufika Ijumaa.

"Hakuna kitu," alimwambia. "Tulizungumza habari za mahindi."

Akafunga dirisha.